Makofi ya Upande wa Kushoto

"Bofya Alhamisi! Rodion, bofya Alhamisi, unangoja nini?"

"Jumamosi ndiyo siku ya watu, Zlata. Jumamosi anacheza Dolgova."

"Dolgova nimemchoka! Dolgova namwona mpaka namwota. Alhamisi ni Vesnina, mara yake ya kwanza kupewa nafasi kubwa. Sogea huko, nipe hiyo kompyuta."

"Viti vinaisha!"

"Vinaisha kwa sababu yako!"

Hapo tuko jikoni kwangu, chai imeshapoa, pelmeni, vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani, zimegandana sufuriani kama gundi. Mauzo ya tiketi yamefunguliwa saa sita kamili mchana na wote wawili tumetoroka kazini. Mimi nachukua watu damu maabara ya hospitali, yeye anatengeneza lifti. Wapenzi wengine wanagombania simu, wengine mama mkwe. Sisi ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu, nani kapangwa kucheza siku gani. Ukiishi Petersburg na ukashikwa na ugonjwa wa baleti, utanielewa. Kama hujashikwa, shukuru Mungu wako.

Nikamsukuma kwa bega, nikabofya Alhamisi, balkoni ya juu, viti viwili vya katikati. Vikakubali. Nikaruka pale jikoni nikipiga kelele.

Rodion hakuruka. Aliangalia dirishani.

"Sasa umenuna?"

"Sijanuna. Ila Vesnina ni mtoto. Kile kimya hataweza kukishika."

"Atakishika."

"Ataanguka, Zlata."

"Wewe! Unamwombea mabaya binti wa watu?"

"Nasema ukweli tu."

Kile kimya tulichokuwa tunagombania ndio roho ya baleti yenyewe. Inaitwa *Mke wa Mhunzi*. Mwisho wa sehemu ya pili, bibi harusi anacheza peke yake, anaambiwa mumewe amekufa, na muziki unakatika. Hakuna ngoma, hakuna filimbi. Binti anabaki amesimama kwenye ncha ya kidole cha mguu mmoja, mikono wazi, na ukumbi mzima haupumui. Halafu fidla moja inaingia kwa mbali, nyembamba, na ile fidla ndiyo inamwambia ashuke lini. Asipoisikia, amekwisha. Ndiyo maana sisi watu wa balkoni ya juu tunalinda kile kimya kama nyumba zetu. Mtu akikohoa pale, tunamfuata mpaka kwenye ngazi.

Na mwaka huo kulikuwa na zaidi. Nani apewe safari ya Japani kama mchezaji wa kwanza? Dolgova, malkia wa miaka yote, au Vesnina, binti aliyetoka shule juzi? Alhamisi ndiyo ingeamua. Kila mtu alijua.

Mimi nami nilikuwa na langu. Ijumaa ya mwisho kabla ya Kwaresima mimi na Rodion tulikuwa tumepangiwa ofisi ya ndoa. Pete ya uchumba iko kidoleni. Gauni liko kabatini. Mwanaume mwenyewe nilimpata kulekule balkoni ya juu, kiti cha pembeni yangu, na nilimpenda kuanzia makofi yake. Msinicheke. Rodion hapigi makofi kama ninyi. Viganja anavikunja kama anachota maji, halafu anapiga polepole, kwa nguvu, sauti inatoka nzito kama mtu anayekung'uta zulia. Ukumbi mzima unaweza kulipuka, mimi nitamjua palepale.

Alhamisi saa kumi jioni nikiwa napiga pasi blauzi, simu ikalia ujumbe.

"Mpenzi, homa imenishika vibaya. Nyuzi 38 na nusu. Siwezi hata kusimama. Tiketi yangu mpe Bibi Kapitolina."

Nikapiga. Sauti imekauka.

"Nije nikupikie supu?"

"Usije, nitakuambukiza. Harusi hii hapa, Zlata. Nenda kamwone Vesnina wako."

"Lakini peke yangu..."

"Nenda. Utanisimulia."

Nilijiona nina bahati, jamani. Mwanaume anaumwa na bado ananiwaza mimi na Vesnina wangu. Nikambusu kwenye simu.

Bibi Kapitolina alikuwa anangoja kwenye ngazi na darubini yake ya zamani shingoni. Huyu bibi ndiye kichwa cha balkoni ya juu. Mdomo wake ni wembe, rangi ya mdomo nyekundu kuliko ya wasichana, na hakuna mchezaji asiyemjua, maana kila mmoja amewahi kupata maua yake na matusi yake.

"Mchumba wako yuko wapi?"

"Anaumwa, bibi. Homa."

"Homa ya leo? Anaumwa kwa sababu Dolgova hachezi. Hawa wa Dolgova nawajua."

"Bibi, jamani!"

"Haya, nimenyamaza. Nipe kiti nikae, miguu inaniua."

Taa zikazimwa. Vesnina akatoka.

Sitawasimulia yote. Niseme tu kwamba sehemu ya kwanza Bibi Kapitolina hakutukana mtu hata mmoja, na hilo peke yake ni muujiza. Sehemu ya pili nilikuwa nalia bila kujua. Yule binti alikuwa hachezi, alikuwa anaishi pale juu. Akaambiwa mumewe amekufa. Muziki ukakatika.

Akasimama kwenye ule mguu mmoja. Mikono wazi.

Kimya.

Paa.

Nikadhani nimeota.

Paa. Paa. Paa.

Upande wa kushoto, nyuma ya nguzo. Mazito. Ya polepole. Watalii waliojaa chini wakadhani kipande kimekwisha, nao wakaanza. Ukumbi mzima ukalipuka makofi. Fidla ikaingia na hakuna aliyeisikia, hata mimi. Vesnina aligeuza kichwa kidogo kuitafuta. Mguu ukatetemeka. Akashuka vibaya, goti likagonga mbao, na kishindo chake tulikisikia mpaka juu. Akainuka, akamaliza vivyo hivyo nyuma ya muziki, na pazia likashuka.

"Mshenzi gani huyo?" Bibi Kapitolina alikuwa amesimama. "Nani kapiga? Nani? Nitamtoa macho!"

Masikio yangu yalikuwa yameshasema na mimi nilikuwa nakataa. Yuko kitandani, nikajiambia. Ana homa. Mikono mizito wako nayo wengi.

Wakati wa mapumziko nikatoka koridoni, nikampigia.

"Haloo," akajibu, sauti imekauka kama mchana.

"Unaendeleaje?"

"Nimelala tu, mpenzi. Vipi huko?"

"Vesnina kaanguka."

"Masikini! Mimi si nilikuambia?"

Kengele ikalia kutuita ndani. Ile kengele yetu ya zamani, yenye mkwaruzo. Ikalia kwenye sikio langu la kulia, ukumbini. Na ikalia kwenye sikio la kushoto, ndani ya simu.

Akakata haraka. Alikuwa amechelewa.

Nikavua viatu vya kisigino, nikavishika mkononi, nikakimbia koridoni mpaka upande wa kushoto. Na nani nikamkuta kwenye kaunta ya vinywaji? Mgonjwa wangu wa nyuzi 38 na nusu, amevaa koti lake zuri la kijivu, mkononi ana kipande cha mkate na samaki. Anatafuna!

"Homa imeshuka?" nikamuuliza.

Akameza bila kutafuna.

"Zlata..."

"Nimekuuliza homa imeshuka?"

"Zlata, watu wanaangalia."

"Waangalie! Walimwangalia yule mtoto akipiga goti, na wewe wakuangalie! Ni wewe uliyepiga."

"Siyo mimi."

"Rodion, mimi nimekaa pembeni ya hayo makofi miaka mitatu. Usinifanye mjinga."

Akaweka mkate chini. Uso ukamwanguka.

"Sikukusudia aanguke."

"Ulikusudia nini? Kumpongeza?"

"Nilitaka tu... kile kimya kisikamilike. Basi. Kwamba watu waseme alikuwa mzuri ila bado."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Nani kakutuma, Rodion?"

"Dolgova anajua jina langu," akasema.

Nilimwangalia nikidhani kachanganyikiwa.

"Nini?"

"Juzi mlango wa wachezaji. Watu wengi pale, theluji inaanguka, akapita wote akaja kwangu. Akasema, 'Rodion, wewe peke yako ndiye unayenielewa.' Ananijua kwa jina, Zlata. Akasema analala akiogopa Alhamisi. Kwamba mtoto yule akikishika kile kimya, Japani imekwenda. Halafu akaniangalia."

"Akakuomba?"

"Hakuomba. Akaniangalia tu."

"Kwa hiyo umeangaliwa, ukaniongopea mimi mkeo mtarajiwa, ukavunja mguu wa mtoto wa watu. Kwa kuangaliwa!"

"Hujui ilivyo."

"Unampenda?"

Hapa ndipo angeweza kuniokoa. Neno moja tu, hapana, nami labda ningelimeza. Akafikiri. Yaani akasimama pale na kufikiri!

"Nakupenda wewe," akasema mwishowe. "Yule siyo kupenda. Yule ni Dolgova."

Nilimpiga kofi. Hilo nalo lilisikika, na hakuna mtalii aliyefuatisha.

"Sikiliza vizuri," nikamwambia. "Kesho utakwenda mlango wa wachezaji. Utamngoja Vesnina. Utamwambia kwa mdomo wako kwamba ni wewe, na kwa nini. Ukisema, tutazungumza mengine. Usiposema, siku ya ndoa nenda ofisini peke yako ukajioe."

"Watanitenga wote, Zlata. Balkoni nzima. Nitakwenda wapi mimi?"

"Hilo ulifikirie kabla ya kukunja viganja."

Kesho yake, Ijumaa, sikula. Nilikosa mshipa wa mzee mmoja maabara mpaka akaniuliza kama nimeachwa. Nikamwambia bado.

Saa moja jioni ujumbe ukaingia.

"Nimeshaongea na Vesnina. Amelia kidogo kisha amenisamehe. Nimeaibika ila sasa napumua. Naomba nije."

Akaja na mfuko wa zile pishki, maandazi ya moto ya sukari ninayoyapenda, na macho yamevimba. Akapiga magoti mlangoni kabla hata ya kuvua buti.

"Nilikuwa mwehu, Zlata. Nisamehe. Sitaki Dolgova, sitaki Jumamosi, nataka nyumba na wewe."

"Umemwambia kweli?"

"Kweli."

"Umemtazama machoni?"

"Nimemtazama."

Nikalia, na yeye akalia, tukala pishki kwenye sakafu ya korido, sukari imejaa kwenye koti lake. Pete nilikuwa nimeivua jana. Akanivisha tena. Nilimsamehe, naam. Nilimpenda na nikamsamehe, mwenye kunicheka anicheke.

Jumamosi asubuhi simu ikaniamsha. Bibi Kapitolina. Yule bibi hajawahi kunipigia akilia. Mumewe alipokufa alinipigia kulitukana kaburi lililochimbwa vibaya, lakini hakulia.

"Zlata, mwanangu. Nimekukosea nini?"

"Bibi? Kuna nini?"

"Taisia Vesnina kanirudishia maua yangu. Nimempelekea asubuhi hii, matulipu, nimeyahesabu mara mbili yasije yakawa shufwa kama ya msibani. Kamtuma mlinzi ayarudishe. Kasema hataki maua ya mtu aliyemwangusha."

"Mtu gani? Bibi, sielewi."

"Kasema ni mimi niliyepiga makofi! Kwamba nimezeeka, nimepitiwa, nimepiga palepale kwenye kimya. Mimi! Mimi niliyewafundisha wote ninyi kunyamaza!"

"Nani kamwambia hivyo?"

Akavuta pumzi.

"Mlinzi kasema Taisia kaambiwa jana mlangoni. Na Rodion wako."

Nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Nikafungua kundi letu la mashabiki kwenye simu, ambalo jana sikuligusa. Mungu wangu.

"Kapitolina akae nyumbani na paka wake."

"Kamuua mtoto wa watu, kisa uzee."

"Vesnina ameondolewa onyesho la Jumanne, na Japani ndiyo basi tena. Asante bibi."

"Tusimpe kiti tena. Akija juu, tusimame wote tuondoke."

Na katikati yao, Rodion wangu, jina lake na picha yake anatabasamu: "Tumhurumie jamani, ni mzee. Hakukusudia."

Tumhurumie! Sukari ya pishki zake ilikuwa bado iko sakafuni kwangu.

"Bibi," nikasema kwenye simu, "vaa koti. Paka rangi ya mdomo. Nakuja kukuchukua."

"Siendi. Watanitemea mate."

"Wataanza na mimi."

Jumamosi Dolgova alicheza mchana. Onyesho lilipokwisha, mlango wa wachezaji ulikuwa umejaa watu kama kawaida, wamekanyaga theluji mpaka imekuwa barafu. Rodion alikuwa mbele kabisa, na fungu la waridi jeupe kubwa kuliko lolote alilowahi kuniletea mimi. Mtu anayetaka nyumba na mimi!

"Kaja huyo!" mwanamke mmoja akapaza sauti alipomwona bibi. "Huna haya?"

"Mpeleke kwake, Zlata! Ameshatuharibia vya kutosha!"

Bibi Kapitolina alinikamata mkono. Nilihisi kucha zake kupitia koti.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. "Bibi huyu alikuwa amekaa na mimi, kiti cha katikati, mikono yake miwili imeshika darubini. Makofi yametoka kushoto, nyuma ya nguzo. Wewe, Fyodor, ulikuwa kushoto. Yametoka kwenu au hayakutoka?"

Fyodor, mwenzetu wa balkoni ya juu, akakuna shingo.

"Yalitoka kwetu," akakubali. "Nyuma yangu kabisa. Ila sikugeuka."

"Basi mwenyewe huyu hapa, kashika waridi."

Rodion akageuka. Rangi yote ilimtoka.

"Zlata, usifanye hivi. Tuzungumze nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Mimi nilikuwa naumwa, watu wote wanajua..."

"Ulikuwa unaumwa ukila samaki!"

Mlango ukafunguka. Dolgova akatoka na koti lake la manyoya, ananukia mpaka barabarani. Watu wakapisha kwa mazoea. Nikasimama mbele yake.

"Regina Pavlovna, samahani. Huyu mwanaume anasema ulimwambia unaogopa kimya cha Vesnina. Ndipo akaenda kukivunja."

Dolgova hakushtuka hata kidogo. Alinitazama kuanzia buti mpaka kofia.

"Mimi nawaambia mashabiki wangu mambo mengi," akasema. "Wanachofanya na mikono yao siyo kazi yangu."

"Regina Pavlovna," Rodion akasema, sauti ndogo, "ulisema mimi peke yangu ndiye..."

"Kijana, unanichelewesha. Gari linaningoja."

Akachukua waridi kutoka mikononi mwake, akampa dereva, akaingia garini. Mlango wa gari ukafungwa. Wakaondoka.

Hapo hapo Vesnina naye akatoka, kwa mlango uleule, kofia ya sufu imemshuka mpaka kwenye nyusi, anachechemea. Nilimwona kwa karibu kwa mara ya kwanza. Mtoto kabisa. Akatukuta tumesimama duara.

"Kuna nini?" akauliza.

"Wanatafuta aliyepiga, mwanangu," Bibi Kapitolina akamwambia. "Wewe umeambiwa ni mimi."

Vesnina akamgeukia Rodion.

"Wewe ndiye uliyeniambia."

Rodion akaangalia alama za magurudumu kwenye theluji, kule gari lilikoelekea. Akaziangalia sana. Kisha mabega yakamshuka.

"Ni mimi," akasema. "Nilipiga mimi. Bibi hana kosa."

Fyodor alimtukana tusi ambalo sitaliandika hapa. Yule mwanamke aliyetuzomea akamwomba bibi msamaha, na bibi akamwambia aende zake na msamaha wake. Vesnina hakumtukana Rodion. Alimpita tu, akaja mpaka kwa Bibi Kapitolina.

"Maua yangu yako wapi?"

"Nyumbani. Nimeyatia kwenye ndoo, nilikuwa na hasira."

"Niletee Jumanne."

"Si wamekuondoa Jumanne?"

"Nacheza kijakazi. Wa nyuma kabisa, anayebeba jagi."

"Nitakuja kumwona kijakazi," bibi akasema, na rangi yake ya mdomo ikatetemeka. "Na jagi ulishike vizuri. Mwaka jana wamelishika vibaya wote."

Rodion akanisogelea. Machozi yalikuwa yanamtoka na baridi inayakausha mashavuni. Akashika mkono wangu wenye pete.

"Nimesema, Zlata. Mbele ya watu wote. Ulisema nikisema tutazungumza mengine."

Na kweli nilisema. Nilitamani kumfuta yale machozi, tusidanganyane, mkono wenyewe ulitaka kwenda.

"Nilikuambia useme kwa sababu umekosa," nikamjibu. "Umesema kwa sababu umeachwa. Angekuchukua kwenye lile gari, bibi huyu angekufa na aibu yako, na mimi ningekuwa nakupikia supu."

"Siyo hivyo."

"Ni hivyo. Na uliapa sakafuni kwangu ukinitazama machoni. Hilo ndilo siliwezi."

Nikavua pete. Nikaitia kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe, maana mikono yake haikutaka kuipokea.

Usiku na mchana zilifuata simu zake. "Zlata pokea." "Zlata gauni je?" "Zlata, kila mtu amenitoa kwenye kundi, nimebaki na wewe tu." Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniudhi kuliko zote.

Ijumaa ya ndoa ikafika. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini siku nyingi na sikuwa na ndoa ya kwenda, nikaona nikae nyumbani nife? Nikaenda dirisha la tiketi. Siku hiyo wanauza viti vya juu vilivyorudishwa, na foleni huanza kabla ya kupambazuka. Bibi Kapitolina alikuwa mbele kabisa, amepewa kiti cha kukunja na Fyodor mwenyewe, anawagombeza watu kama zamani. Mimi nilichelewa. Nikasimama mwisho.

Foleni zetu zina desturi yake, na ni moja kwa dirisha la tiketi, hospitali na duka la mkate. Ukifika hujipangi tu. Unauliza, "Nani wa mwisho?" Aliye wa mwisho anajibu, "Mimi." Hapo ndipo unakuwa na nafasi yako, hata ukienda kunywa chai ukirudi unaikuta. Usipojibiwa, huna pa kusimama.

Nikasikia buti kwenye theluji nyuma yangu. Nilizijua.

"Habari za asubuhi," akasema. "Nani wa mwisho?"

Foleni nzima ikanyamaza. Bibi Kapitolina aligeuka kwenye kiti chake akaniangalia mimi, siyo yeye. Fyodor akaangalia ukuta. Alikuwa amevaa lile koti la kijivu, nadhani alikuwa ametoka nalo ofisi ya ndoa. Kumbe alikwenda. Moyo ulinipasuka, jamani, nawaambia kweli.

"Nani wa mwisho?" akauliza tena, polepole zaidi.

Wa mwisho nilikuwa mimi. Alikuwa anauona mgongo wangu, na kofia niliyovaa alininunulia yeye. Nikaangalia dirisha la tiketi.

Akasimama hapo muda mrefu, pembeni ya foleni, siyo ndani yake. Kisha akaja mwanamke mwingine na mfuko wa sokoni, pua nyekundu kwa baridi, anahema.

"Jamani, nani wa mwisho?"

"Mimi," nikasema.

Akashukuru, akasimama nyuma yangu.